Motokaa Mbili kwa Dereva Mmoja

Kabla petroli haijatawala barabara za dunia, umeme ulikuwa umekwisha kuitangulia kwa mbio. Mwezi Desemba 1898 bwana mmoja wa Kifaransa, Gaston de Chasseloup-Laubat, aliendesha gari la umeme huko Achères, karibu na Paris, kwa mwendo wa kilomita 63 kwa saa. Mbelgiji Camille Jenatzy akamjibu, naye akajibiwa, wakawa wakinyang'anyana fahari ya mwendo wa kasi kuliko wote kwa miezi kadhaa, hata mwaka 1899 Jenatzy alipopanda chombo chenye umbo la risasi, kilichoitwa La Jamais Contente, akapita kilomita 105 kwa saa. Ndilo gari la kwanza la barabarani kuvuka kilomita 100 kwa saa, nalo halikuwa na tone la mafuta ndani yake.

Fahari ile haikudumu. Betri za zama hizo zilikuwa nzito, zikichoka upesi na kudai saa nyingi za kujazwa, ilhali petroli ilichukulika katika debe na kumiminwa kwa dakika chache. Basi kwa muda uliozidi karne moja mashindano makubwa ya motokaa yalikuwa mashindano ya petroli. Umeme ulirudi katika uwanja huo mwaka 2014, baada ya Jean Todt, aliyekuwa rais wa FIA, shirikisho linalotawala mchezo huu duniani, na Alejandro Agag, Mhispania aliyetoka katika siasa akaingia biashara, kushauriana mezani mjini Paris mwaka 2011 juu ya mashindano yatakayopigwa katikati ya miji. Yakaitwa Formula E.

Katika msimu ule wa kwanza madereva 20 wa timu 10 waliendesha motokaa za aina moja: kiunzi kilitengenezwa na Dallara wa Italia, mota ikatoka McLaren, betri ikatoka Williams, na kampuni ya Spark ya Ufaransa ikaviunganisha vyote kwa msaada wa Renault. Hata umeme wa kuzijaza ulizalishwa na majenereta yaliyochoma glisirini, ili mashindano yasihubiri usafi mchana na kuteketeza dizeli nyuma ya pazia. Lakini betri iliruhusiwa kutoa kilowati-saa 28 tu, na kiasi hicho, kwa mwendo wa mashindano, kilitosha takriban nusu ya safari. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ninayoitaja katika anwani: kila dereva alipewa motokaa mbili.

Katikati ya mbio dereva aliingia katika banda la timu yake, akafungua mikanda, akachupa nje na kofia yake kichwani, akakimbia hatua chache na kujitumbukiza katika motokaa ya pili iliyokuwa ikimngoja imejaa umeme. Mafundi wakainama juu yake kumkaza mikanda ya mabega na ya kiuno, naye akakaa akihesabiwa muda, kwa maana kanuni iliweka muda wa chini ambao hapana aliyeruhusiwa kuupunguza, asije mtu akatoka na mikanda legevu kwa pupa ya ushindi. Wako waliocheka, wakisema kwamba gari lisiloweza kumaliza safari yake halistahili kuitwa gari la mashindano. Mimi naiheshimu desturi ile kuliko mapambo mengine yote ya msimu ule, kwa sababu iliudhihirisha upungufu wa betri mbele ya halaiki bila kuufunika, na ikamlazimu dereva kuwa mwekevu: kuondoa mguu mapema kabla ya kona, kuiacha mota igeuke kuwa mzalishaji na kurudisha umeme kidogo betrini, na kuitazama akiba yake kama msafiri wa jangwani apimavyo maji ya kiriba chake.

Mashindano yalifunguliwa Beijing tarehe 13 Septemba 2014, kandokando ya uwanja wa Olimpiki. Nicolas Prost aliongoza hata kona ya mwisho, na hapo akagongana na Nick Heidfeld, ambaye motokaa yake iliruka juu, ikapinduka na kujibwaga ukingoni. Heidfeld akatoka mzima, na Lucas di Grassi aliyekuwa nyuma yao akapita kuchukua ushindi. Kutoka hapo msafara ulikwenda Putrajaya, Punta del Este, Buenos Aires na Miami, kila mji ukitoa mshindi mpya. Long Beach, katika Aprili 2015, alishinda Nelson Piquet mdogo wa Brazili, mahali pale pale ambapo baba yake alipata ushindi wake wa kwanza wa Formula One mwaka 1980. Mjini Berlin, katika uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof, di Grassi alitangulia wote, kisha akafutiwa matokeo kwa kuwa bawa la mbele la motokaa yake lilikutwa limebadilishwa kinyume cha kanuni. Alama 25 alizozikosa siku ile zingalimweka juu ya wenziwe wote mwisho wa msimu.

Mwisho huo ulikuwa London, tarehe 28 Juni 2015, ndani ya bustani ya Battersea. Piquet alikuja na alama 138, Mswisi Sébastien Buemi na 133. Mvua ilimharibia Piquet majaribio, akapangwa wa 16. Buemi akapangwa wa sita, na ubingwa ukaonekana kumwelekea. Ndipo alipobadili motokaa, na mara tu alipotoka bandani na ile ya pili, ikamteleza na kuzunguka, na Bruno Senna, mpwa wa Ayrton Senna, akampita. Buemi alimfuata na kumwandama hata mstari wa mwisho asipate njia. Stéphane Sarrazin, aliyevuka wa kwanza, aliadhibiwa sekunde 49 kwa kutumia umeme uliozidi kiasi kilichoruhusiwa, na ushindi akapewa Sam Bird. Buemi akahesabiwa wa tano, Piquet wa saba: 144 kwa 143. Lau angalimpita Senna, Buemi angalifikisha 145.

Desturi ya motokaa mbili iliishi misimu minne. Mwezi Desemba 2018, huko Ad Diriyah katika Saudi Arabia, zilitokea motokaa mpya zenye betri ya kilowati-saa 54, na madereva wakamaliza safari nzima bila kushuka. Watazamaji wa Marrakesh, waliopata mashindano ya kwanza ya Formula E barani Afrika mwezi Novemba 2016, waliwahi kuwaona madereva wakiruka kutoka gari hadi gari. Wale wa Cape Town, mwezi Februari 2023, hawakuyakuta hayo.