Babar, tembo aliyekimbia msitu

Leo hatuandiki juu ya mgao wala juu ya makaratasi. Tunaandika juu ya tembo. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita tulitoka Base Camp tukaja Nyamityobora, hapa Mbarara mjini. Kuna mama mmoja Mkongomani anatuazima chumba chake ili tuwasomee watoto wa wakimbizi wanaoishi mjini. Vitabu tulivyo navyo ni vichache. Kimoja ni cha Kifaransa, jalada lake lilishatoka zamani, kinaitwa Histoire de Babar. Mmoja wetu anasoma Kifaransa, mwingine anageuza kwa Kiswahili, na watoto wanamtaja mnyama kila mtu kwa lugha ya nyumbani kwao: tembo, inzovu, enjojo.

Kwenye kurasa za mwanzo Babar amepanda mgongoni kwa mama yake. Mwindaji aliyejificha anapiga risasi, mama anaanguka. Babar analia. Mwindaji anamjia, naye anakimbia siku kadhaa mpaka anaingia mjini. Tukageuza ukurasa. Msichana mmoja, miaka yake kama saba, akasema, "Rudisheni." Tukarudisha. Akauliza, "Huyo mama, nani alimzika?"

Tulinyamaza. Kitabu hakisemi. Babar akishafika mjini, anawaona mabwana wawili wamevaa vizuri, naye anatamani nguo kama zao. Basi. Tulirudi Nakivale na hilo swali, tukaanza kutafuta: hiki kitabu kilitoka wapi?

Kilitoka Ufaransa. Mwaka 1930 mama mmoja, Cécile de Brunhoff, aliwasimulia wanawe Laurent na Mathieu hadithi ya tembo mdogo. Watoto wakaipenda, wakampelekea baba yao, Jean, aliyekuwa mchoraji. Baba akaichora na kuiandika, kikatoka kitabu mwaka 1931. Jean alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1937, akiwa kijana bado. Laurent alipokua akaendelea na kazi ya baba yake kuanzia 1946, miaka mingi sana. Alifariki Marekani mwaka 2024, na umri wa miaka 98. Kwa hiyo Babar naye alibaki yatima, akalelewa na mtoto wa mchoraji wake.

Ambaye hajakisoma, hadithi ni hivi. Mjini Babar anakutana na bibi mzee tajiri anayempa pochi yake. Anaingia dukani, anacheza na lifti kupanda na kushuka mpaka wanamkataza, ananunua suti ya kijani, kofia na viatu. Anakaa kwa bibi, anajifunza hesabu. Baadaye binamu zake Arthur na Céleste wanamfikia, naye anaamua kurudi nao msituni kwa gari. Kule mfalme wa tembo amekula uyoga wenye sumu, amekufa. Mzee Cornélius anasema: tumchague Babar, huyu ametoka mjini, amejifunza mengi kwa watu. Babar anakuwa mfalme. Kwenye kitabu cha 1933 anajenga mji kabisa, tembo wote wanavaa nguo na kila mmoja anapewa kazi.

Hapo ndipo sisi wenyewe tulianza kubishana. Nusu yetu walisema huyu ni mkimbizi mwenzetu: alipoteza mama, alifika mji asioujua, alipokelewa na mgeni, akasoma, akarudi kusaidia kwao. Si ndiyo ndoto ya kila mtu hapa? Nusu nyingine wakasema: ngojeni. Kwa nini tembo mpaka avae suti ndipo apewe uongozi? Wale waliobaki msituni, hawakujua chochote?

Kumbe si sisi wa kwanza. Mwandishi Ariel Dorfman aliandika mwaka 1983 kwamba Babar ni ndoto ya wakoloni: Mwafrika anachukuliwa kama mnyama wa msituni, anafundishwa Ulaya, halafu anarudishwa kuwatawala wenzake kwa njia ya Ulaya, na yeye mwenyewe anashukuru. Na huyo Dorfman naye alikuwa mkimbizi. Alikimbia Chile baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1973. Laurent mwenyewe aliona haya kwa kitabu chake kimoja cha mwaka 1949 ambacho kilichora Waafrika kwa dharau, akaomba kisichapishwe tena.

Tukitazama mwaka 1931 tunaelewa zaidi. Mwaka huohuo Paris kulikuwa na maonyesho makubwa ya makoloni. Watu waliletwa kutoka Afrika na Asia, wakaonyeshwa mbele ya watazamaji miezi sita. Na huku kwetu Kongo, Wabelgiji walikuwa wanafuga tembo kweli. Kazi hiyo ilianza kwa amri ya mfalme Leopold wa Pili, kama mwaka 1900, kule Uele, chini ya ofisa Laplume. Baadaye kituo kilihamia Gangala-na-Bodio, karibu na sehemu ambayo sasa ni hifadhi ya Garamba. Walikamata ndama, wakawafundisha kuvuta mikokoteni na kulima. Na mwanzoni, ili kumpata ndama, walipiga risasi mama yake.

Someni tena hiyo sentensi ya mwisho. Ile picha iliyomfanya yule msichana aseme "rudisheni" haikuwa hadithi tu. Tofauti ni kwamba ndama wa Uele hakupewa suti wala pochi. Alifungwa kamba.

Kwa hiyo je, tukitupe hicho kitabu? Sisi tunasema hapana. Tutaendelea kukisoma, lakini hatutakimbilia dukani haraka. Kuna picha moja tulikuwa tunaipita: Babar yuko kwa yule bibi, ana kila kitu, lakini amesimama dirishani analia kwa kumkumbuka mama yake. Nguo nzuri hazikumsahaulisha. Hapo tutakaa.

Na tutawaambia watoto habari mbili za tembo wa kweli. Ya kwanza: tembo wa Virunga, Kongo, wamekuwa wakivuka mpaka kuingia hifadhi ya Queen Elizabeth, hapa Uganda, kila vita na majangili vikizidi upande ule. Mwaka 2020 kundi la tembo kama 580 lilirudi Virunga. Walirudi kwa miguu yao, na ngozi yao ileile.

Ya pili ni ya yule msichana. Watu waliochunguza tembo miaka mingi, kama kule Amboseli, Kenya, wameona kwamba tembo hawampiti mwenzao aliyekufa. Wanasimama, wanagusa mifupa kwa mkonga, polepole. Na tembo wameonekana wakimfunika mfu kwa matawi na udongo.

Basi mdogo wetu, jibu lako tuko nalo. Jumamosi tutakuja Nyamityobora na kalamu za rangi, tuchore ule ukurasa ambao kitabu hakina.

Na wewe unayesoma, wa kambini au wa shirika: ulisomewa hadithi gani ukiwa mtoto, na ni ukurasa gani walikugeuzia haraka? Tuandikie.