‘Ana damu ngumu, hapati VVU’: Vinasaba vinasema nini hasa?

Mume amepima, amekutwa na VVU. Mke amepima, hana. Wameishi pamoja miaka kadhaa na wana watoto. Mtaani jibu linakuja haraka: “Huyo mama ana damu ngumu.”

Maneno ya namna hiyo hayakosekani, iwe Nyalikungu wilayani Maswa, Bariadi mjini au Nairobi. Ndani yake mna ukweli kidogo na hatari kubwa. Ukweli ni kwamba jeni za kinga ya mwili zinaweza kufanya virusi vimpate mtu mmoja kirahisi kuliko mwingine. Hatari inaanza pale mtu anapojiaminisha kuwa yeye ndiye mwenye bahati hiyo, kisha akaacha kujikinga.

Kinga inavyomtambua mwizi

Jeni ni maelekezo ya mwili ambayo mtu hurithi kutoka kwa baba na mama. Kati ya jeni zinazosimamia kinga, kundi lililochunguzwa sana linaitwa HLA. Liko kwenye kromosomu namba 6.

Kwa mtu aliyekulia Usukumani, kazi yake ni rahisi kuielewa. Chukulia sungusungu wanapita usiku, na kila kaya imeagizwa kuweka mlangoni sampuli ya vitu vilivyomo ndani. Wakiona kitu cha wizi, wanajua mwizi yumo humo.

Seli za mwili hufanya hivyo muda wote. Protini za HLA hubeba vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvionyesha nje. Walinzi wa kinga, yaani seli T, huvikagua. Wakiona kipande cha kirusi, huiua seli hiyo kabla haijamwaga virusi vingine.

Sasa, HLA za watu hazifanani. Moja inashika vipande hivi, nyingine vile. Aina zaidi ya 30,000 zimeshaorodheshwa duniani. Ndiyo maana kirusi kimoja kikiingia kijijini hakiwapigi wote sawasawa: kikijifunza kumkwepa mlinzi wa kaya hii, kwa jirani kinakuta mlinzi wa aina nyingine.

Somo kutoka Majengo, Nairobi

Ushahidi mkubwa wa Afrika Mashariki ulitoka Majengo, eneo la Pumwani. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Kati ya waliofanya kazi hiyo ni Dk Frank Plummer na Profesa Elizabeth Ngugi.

Wanawake 424 waliingia kwenye utafiti bila VVU kati ya 1985 na 1994. Kati yao, 239 waliambukizwa. Lakini kundi dogo liliendelea kupima hasi mwaka hadi mwaka, ingawa lilikutana na virusi mara nyingi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996 na yakashtua dunia ya sayansi.

Mwaka 2000 ukafuata uchunguzi wa jeni zao. Wanawake wenye kundi la HLA linaloitwa A2/6802 walionekana kuambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Walinzi wao walikuwa na macho makali zaidi kwa VVU.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wanawake waliohesabiwa kuwa sugu walipata VVU. Hilo lilihusishwa na kupunguza kazi yao kwa muda. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kinga yao ilikuwa ikinolewa kwa kukutana na kirusi mara kwa mara, na ilipokosa kunolewa ikalegea.

Kwa lugha nyepesi: hata wale waliofanya dunia iamini kuna watu wenye “damu ngumu” hawakuwa na uhakika wa maisha.

Kuambukizwa na kuumwa ni vitu viwili

Wapo pia watu walioambukizwa VVU lakini mwili unavidhibiti bila dawa kwa miaka. Ni wachache mno, chini ya mtu 1 kati ya 100 wenye VVU. Wengi wao wana HLA ya aina ya B*57 au inayofanana nayo. Aina hiyo inashika kipande cha kirusi ambacho kirusi hakiwezi kukibadilisha bila chenyewe kudhoofika.

Hata hivyo, hao bado wana VVU, na kinga hiyo inaweza kushindwa baadaye.

Jeni ya Ulaya isiyotuhusu sana

Mitandaoni husambaa habari za watu “wasiopata UKIMWI kabisa”. Kinachozungumzwa ni jeni ya CCR5, inayotengeneza mlango ambao aina nyingi za VVU hupitia kuingia kwenye seli za kinga. Mtu aliyerithi jeni hiyo ikiwa na kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili hana mlango huo. Hali hiyo iligunduliwa mwaka 1996, na inapatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya Kaskazini.

Kwa Waafrika karibu haipo. Na hata wenye nayo wanaweza kupata aina chache za VVU zinazotumia mlango mwingine.

Mama na mtoto

Utafiti mwingine wa Nairobi, wa mwaka 1998, ulionyesha kwamba mtoto aliyefanana zaidi na mama kwa HLA alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU na mama yake. Sababu inayotajwa: kirusi kimeshajifunza kuwakwepa walinzi wa mama, kikifika kwa mtoto kinakuta walinzi walewale.

Mzazi hawezi kuchagua jeni za mtoto, lakini dawa zinabadilisha matokeo. Bila hatua yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU huambukizwa. Dawa zikitumika vizuri, idadi hushuka chini ya 5.

Siyo VVU peke yake

Mwaka 2020 wanasayansi waligundua kipande cha kromosomu namba 3 kinachoongeza hatari ya kuugua sana COVID-19. Kilirithiwa kutoka kwa binadamu wa kale waitwao Neanderthal. Ni cha kawaida Asia Kusini na karibu hakipo Afrika. Kwa homa ya ini aina ya C nako, tangu 2009 inajulikana kuwa jeni zilizo karibu na IL28B huchangia kuamua nani mwili wake utakifukuza kirusi wenyewe.

Mbona mwenza mmoja anapima hasi?

Mara nyingi jibu halihitaji jeni. Mwenye VVU anaweza kuwa anameza ARV na virusi vimeshuka. Mwingine anaweza kuwa kwenye kipindi cha mwanzo ambacho kipimo bado hakioni maambukizi. Na kujamiiana mara moja si lazima kuambukize, ila hatari inarudi kila mara.

Mambo mengine yana nguvu inayopimika:

• Mkoani Mwanza, utafiti wa 1991 hadi 1994 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

• Tafiti za Kisumu na Rakai zilionyesha tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa asilimia 50 hadi 60.

• Utafiti wa wenza nchini Kenya na Uganda, uliochapishwa 2012, ulionyesha vidonge vya PrEP vilipunguza maambukizi kwa asilimia 67 hadi 75.

Cha kufanya kama mwenza wako ana VVU nawe huna

• Usisubiri kipimo cha jeni. Hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kukuhakikishia kuwa hutaambukizwa.

• Mwenza aanze ARV na asiruke dozi. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

• Aulize CTC majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. “Najisikia vizuri” siyo majibu.

• Hadi hapo tumieni kondomu, na wewe uliza kuhusu PrEP.

• Rudia kupima kama mtoa huduma atakavyopanga. Majibu ya hasi yanaeleza hali yako hadi sasa, hayaahidi ya kesho.