Walimu Waliobaki Tabora

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, wageni huonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Ni haki akumbukwe, lakini dini haikuota mizizi katika nchi hii kwa sababu ya watu mashuhuri waliopita. Iliota mizizi pale walipopatikana walimu waliofundwa kwa muda mrefu, wakakaa na watu mpaka wakawa wa watu hao. Jambo hilo ni zito leo, wakati umaarufu wa mhubiri unahesabiwa na wengi kuwa ushahidi tosha wa wito wake.

Wapo watakaosema kwamba dini ililetwa na biashara na nguvu za watawala. Ni kweli njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iliwaleta wafanyabiashara Waislamu wa pwani na wa Oman, na kwa njia hiyohiyo Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walipita mwaka 1878. Hata hivyo, Uislamu ulienea zaidi miongoni mwa wenyeji baada ya nguvu za wafanyabiashara hao kuvunjika chini ya Wajerumani, kwa kazi ya masheikh wa tarika za Kisufi kama Zahor bin Muhammad wa Qadiriyya. Katika utaratibu wao, mwanafunzi huketi mbele ya mwalimu, husoma kitabu na kusahihishwa, na hafundishi wengine mpaka apewe ijaza, yaani idhini ya kufundisha, inayomuunganisha na mlolongo wa walimu waliomtangulia. Kwa upande wa Wakristo, wamisionari wa London walifika Urambo mwaka 1879 na kukaribishwa na Mtemi Mirambo mwenyewe. Pamoja na urafiki huo wa mtawala, waumini walikuwa wachache, na mwaka 1898 kituo kikakabidhiwa kwa Wamoravian. Ni Wamoravian waliokuza walimu wenyeji, na kutoka kwao akatokea Teofilo Kisanji, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1966. Wakatoliki nao walijenga seminari kuu ya Kipalapala, ambako mapadri wamefundwa kwa vizazi kadhaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: miaka mingi ya masomo huchelewesha kazi, tena huwafungia nje wenye karama wasio na vyeti. Lakini mafunzo ninayoyatetea si cheti. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, alikombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, kisha akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Hakuwa padri. Alikuwa katekista na mganga, akitibu wagonjwa na kufundisha dini katika jamii ileile mpaka alipofariki mwaka 1956. Karama yake haikupunguzwa na masomo. Masomo ndiyo yaliyoipa mikono ya kufanyia kazi, na miaka zaidi ya 60 ya kuishi na watu ikaipa heshima.

Kwa hiyo muumini wa leo, wa msikitini au wa kanisani, asione haya kumchunguza kiongozi kabla ya kumfuata. Na aulize mambo matatu: alisoma kwa nani, ametumwa na nani, na je, atakuwapo shida itakapofika?