Kuhesabu Walio Ndani

Miaka ya 1750, daktari Johann Albert Schlosser aliokota kitu bandarini Falmouth, Uingereza: utando laini, unaoteleza, wenye vinyota juu yake. Mwaka 1766 Pallas akakipa jina la Schlosser, lakini akakiweka pamoja na matumbawe laini. Wengine walidhani kila kinyota ni mnyama mmoja.

Aliyewafungua kweli ni Savigny, Mfaransa aliyefuata jeshi la Napoleon hadi Misri mwaka 1798, akakusanya wanyama wa Bahari ya Shamu. Kitabu chake cha 1816 kilionyesha kwamba kila mwale wa kinyota ni mnyama kamili. Ana mdomo wake, koo lenye matundu ya kuchuja chakula, tumbo, na moyo unaosukuma damu upande mmoja kisha unageuza. Mrefu? Milimita chache tu. Wanachotumia pamoja ni ngozi ya nje, mishipa ya damu na tundu moja la kutolea maji machafu, katikati ya kinyota. Plot moja, choo kimoja. Hao ndio askidia wa koloni (koloni hapa haina Mzungu wala gavana).

Baada ya kazi hiyo Savigny aliharibikiwa macho, akaishi hivyo mpaka 1851.

Ukipiga Kibera picha kutoka juu unapata utando wa mabati ya kutu, na kwa miaka watu walisema tu "milioni moja". Sensa ya 2009 ikaleta 170,070, watu wakabishana. Lakini mtu wa Raila hawezi kukuambia anaishi Gatwekera.

Kwenye miamba ya pwani yetu kuna Didemnum molle, aliyepewa jina na Herdman mwaka 1886: kama kikombe cheupe, kijani kwa ndani kwa sababu ya bakteria wanaoishi humo. Huyo unaweza kumtambua kwa macho. Ndugu zake wengi, wapi! Rangi inadanganya, umbo linabadilika. Inabidi uchukue darubini, umtoe mmoja kwenye ngozi ya pamoja, uhesabu safu za matundu ya koo lake. Zikiwa nne, huenda ni Didemnum. Zikiwa tatu, Trididemnum.