Kamala Hakutoka Uganda

Tusidanganyane: Survivor Series ya 1992 ni sho ya wastani. Mechi nane, karibu saa tatu, na kati ya hizo nane ni moja tu ningekuambia uitafute leo usiku ukiwa na bando. Zingine unaweza kuzipitisha huku ukila muhogo na hutakuwa umekosa kitu.

Lakini mimi nimeitazama yote, kwa simu, hapa Garsen, na ninaiandikia hakiki kwa sababu ya mtu mmoja. Anaitwa Kamala, Jitu la Uganda. Wajomba zangu walimjua kupitia kanda za video, na ukimtaja leo kwenye kahawa watakuambia ni jirani yetu, ati alikuwa mlinzi wa Idi Amin. "Huyo ni wetu kabisa," mmoja aliniambia. Kamala ni mechi ya saba, kwa hivyo vumilia kidogo.

Ni tarehe 25 Novemba 1992, mkesha wa sikukuu ya Shukrani kule Marekani, ndani ya ukumbi wa Richfield Coliseum, Ohio. Kampuni ni WWF, hiyo ambayo siku hizi inaitwa WWE. Miaka mitatu nyuma, 1989, kampuni hiyo ilikuwa imekiri mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano. Ilitaka kukwepa kodi na usimamizi wa tume ya michezo. Kwa hivyo ule ubishi wetu wa "ni ukweli ama ni uongo?" ulishajibiwa na wenye mali. Swali lililobaki ni tamu zaidi: uongo wenyewe unatungwa vipi, na nani anakula faida?

Mechi ya kwanza: Headshrinkers dhidi ya Owen Hart na Koko B. Ware. Headshrinkers ni Samu na Fatu, peku, nywele timutimu, wakinguruma. Wanauzwa kama washenzi waliotolewa juzi kwenye kisiwa cha Samoa. Fatu alizaliwa San Francisco. Kama unawafuata Jimmy na Jey Uso, huyo ndiye baba yao mzazi, ambaye baadaye aliitwa Rikishi. Mechi yenyewe ni ya dakika saba na ushei, ina mbio za kutosha, inaisha Fatu akimrukia Owen kutoka juu ya kamba. Nyota mbili kati ya tano.

Mechi ya pili: Big Boss Man dhidi ya Nailz. Rungu limetundikwa juu ya mlingoti na atakayelifikia kwanza ana ruhusa ya kulitumia. Boss Man kabla ya mieleka alikuwa askari jela wa kweli huko Georgia. Nailz ni mfungwa mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa, na hadithi yake ni kwamba aliteswa gerezani na huyu askari. Ukisikiliza vizuri mwenye malalamiko ni mfungwa, lakini tunatarajiwa tumshangilie askari. Mwaka huohuo, mwezi wa Machi, polisi wa Kenya waliwapiga marungu akina mama pale Uhuru Park, kosa lao kudai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Rungu lao halikuwa juu ya mlingoti. Nyota moja.

Mechi ya tatu: Tatanka dhidi ya Rick Martel. Tatanka ni Chris Chavis, mtu wa Walumbee, wenyeji asilia wa North Carolina. Ni mmoja wa wachache usiku huo waliopewa kabila lao wenyewe, na hata hivyo amepewa lile la kwenye filamu za kaboi: manyoya, ngoma ya vita, makelele. Martel amemwibia manyoya ya tai, ndio ugomvi wote huo. Tatanka anashinda. Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Mechi ya nne: Randy Savage na Mr. Perfect dhidi ya Ric Flair na Razor Ramon. Perfect ameingizwa dakika za mwisho kuziba pengo la Ultimate Warrior, aliyeondoka kwenye kampuni wiki chache kabla. Razor ni Mkuba wa Miami mwenye lafudhi nzito. Lafudhi yenyewe imeokotwa kwenye filamu ya Scarface, na mwenyewe, Scott Hall, ni Mmarekani mzaliwa wa Maryland. Wanaume wanne wenye vipaji, halafu mechi inamalizwa kwa refa kuwaondoa Flair na Razor kwa kuvunja sheria. Nyota mbili na nusu, na ningedai pesa zangu za soda.

Mechi ya tano: Yokozuna dhidi ya Virgil. Yokozuna analetwa kama bingwa wa sumo kutoka Japani, na bendera juu. Jina lake ni Rodney Anoa'i, mzaliwa wa California, ukoo wa Wasamoa, na ni ndugu wa damu wa wale Headshrinkers wa mechi ya kwanza. Yaani ukoo mmoja, usiku mmoja, umeuzwa kama mataifa mawili tofauti, na ukumbi mzima ukanunua. Virgil, Mmarekani mweusi ambaye kampuni ilimtambulisha kwa umma kama mtumishi wa milionea, anakaliwa kifuani kabla ya dakika nne kuisha. Nyota moja.

Mechi ya sita ni wanane ulingoni, wanne kwa wanne, anayeshindwa anatoka. Mmoja wao anaigiza mtoza kodi, na huyo nadhani angezomewa hata Kenya. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu, na niliitazama wiki hii. Nyota moja na nusu.

Sasa mechi ya saba: Undertaker dhidi ya Kamala, mechi ya jeneza. Mshindi ni lazima ambane mwenzake mabega chini, kisha amtie kwenye jeneza na kulipigilia misumari. Kamala anaingia na kinyago na mkuki. Uso umepakwa rangi, kifuani na tumboni kachorwa nyota na mwezi, kiunoni kitambaa cha madoa ya chui. Mwenye kumwongoza ni Kim Chee, mtu aliyefunika uso na kuvaa ile kofia ya mabwana wa kikoloni. Kamala haongei. Kazi yake ni kujipiga tumbo na kuogopa jeneza.

Jina lake halisi lilikuwa James Harris. Alizaliwa Mississippi mwaka 1950, familia ya vibarua waliolima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, na amewahi kuwa dereva wa lori. Mwaka 1982, mjini Memphis, mapromota Jerry Jarrett na Jerry Lawler ndio waliomtunga Kamala. Lawler alitoa wazo kwenye picha za mchoraji Frank Frazetta. Zile video za kumtambulisha akiwa "msituni Afrika" zilipigwa kwenye shamba la Jarrett. Amin alikuwa ameng'olewa mwaka 1979, lakini jina lake lilikuwa bado linauza, basi wakamtundika Kamala hapo.

Kinachoniuma ni kwamba Uganda ya kweli haikuwa na upungufu wa wapiganaji. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi mwaka 1979. John Mugabi alitoka Olimpiki ya Moscow 1980 na medali ya fedha, na mwaka 1989 akawa bingwa wa dunia. Unajua Mugabi walimpa jina gani la ulingoni? Mnyama. Hata Mganda halisi alipofika kwa miguu yake, nafasi aliyoikuta ni ileile ya Kamala.

Mechi? Dakika tano na kidogo. Undertaker anampiga Kamala kwa kile chombo chake cha majivu, anamlalia, moja mbili tatu, anamsukumia jenezani, nyundo inalia. Nyota moja. Baadaye sana Harris alieleza kwamba kwenye mechi zake na Undertaker alilipwa pesa kidogo mno akijilinganisha na mwenzake. Mshenzi ana bei yake, na haipandi.

Hapa ndipo Garsen inapoingia. Nikiwa Nairobi, nikisema ninatoka Tana River, swali la pili huwa ni lilelile: "Wewe ni upande gani, Orma ama Pokomo?" Muulizaji hana ubaya. Anauliza kama anayeuliza Gor ama AFC. Ameona bango, na bango lina nafasi ya majina mawili tu: mkulima kona hii, mfugaji kona ile. Wardei hawamo, wala Wata, wala Munyoyaya, wala Malakote. Wala hayumo Mpokomo mwenye ng'ombe au Muorma mwenye shamba la mahindi, na wote wawili ninawajua.

Sisemi ugomvi ni wa kutungwa wote. Mto ni mmoja. Wapokomo hulima kandokando yake wakifuata mafuriko, na kiangazi kikikaza, Waorma huteremsha mifugo deltani. Njia za mifugo kufikia maji huitwa malka, na malka ikifungwa na shamba, ama shamba likilishwa usiku, kuna kelele. Lakini kelele hizo zina wenyewe na zina dawa: Gasa ya wazee wa Kipokomo, Matadeda ya wazee wa Kiorma, fidia, chai, yaishe. Wamegombana hivyo na kuuziana maziwa na mahindi hivyo kwa vizazi.

Kinachobadilisha ugomvi kuwa vita ni promota. Mwezi Septemba 1992, wiki chache tu kabla ya sho hii ya Ohio, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe kule Mombasa, ilitoa ripoti kuhusu mapigano ya Bonde la Ufa. Ilisema wazi kwamba vita vile vilichochewa na wanasiasa, havikuzuka vyenyewe kati ya makabila. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa tarehe 29 Desemba. Ile ripoti ilikuwa imetaja promota kabla ya mlango wa ukumbi kufunguliwa.

Na kwetu? Mapigano ya 2001 yalikuja sambamba na mpango wa kupima na kugawa ardhi kando ya mto. Baadaye ikaja mipango ya mashamba makubwa ya miwa, na mwaka 2008 habari kwamba Qatar inataka hekta 40,000 za delta. Kisha ikaja 2012, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa magavana. Tarehe 22 Agosti, kijiji cha Riketa, takriban watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma na Kilelengwani. Desemba, Kipao. Zaidi ya watu 100 kwa jumla. Magazeti yaliandika: Orma na Pokomo wapigana tena. "Tena," kama vile ni mfululizo wa vipindi.

Kamala alitoka kwenye lile jeneza, akaoga, akapanda ndege. Watu wa Riketa hawakutoka. Ndiyo maana sicheki mtu anaponiuliza upande wangu, na ndiyo maana hata hapa sikutajii.

Mechi ya nane, ya mwisho: Bret Hart dhidi ya Shawn Michaels. Bret ana mkanda wa dunia, Shawn ana mkanda wa Mabara. Hakuna mkuki, hakuna bendera, hakuna manyoya. Ni vijana wawili wenye miili ya kawaida ukiwalinganisha na yale majitu ya awali, wanaoijua kazi yao. Dakika 26. Wanaanza polepole hadi unaona kama umechoshwa, halafu unagundua mshiko wa dakika ya tano ndio unaouma dakika ya ishirini. Bret anamfunga miguu kwa ule mshiko wake wa Sharpshooter, Shawn anasalimu amri. Nyota nne. Usiku mzima uliuziwa makabila, na mechi bora ilikuwa ile ambayo hakuna aliyepewa kabila.

Kuhusu Kamala, mwaka uliofuata kampuni ilimgeuza mtu mwema. Walimpa mchungaji aitwaye Slick, kazi yake kumfundisha kwamba yeye si mnyama, ni mwanadamu. Ndiyo, mwaka 1993, mbele ya kamera, mtu mzima wa Mississippi mwenye familia akifundishwa kwamba ni mtu. Harris alirudi kuendesha malori. Kisukari kilimchukua mguu mmoja 2011 na wa pili 2012. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, wakati wa korona.

Nilimweleza mjomba haya yote. Alinyamaza, akamalizia kahawa. "Kwa hivyo alikuwa mtoto wa mkulima," akasema. Nikamwambia ndiyo. "Basi nilisema ni wetu."