Majina ya Miji Midogo ya Prairi: Asili na Matumizi

Maana

Prairi (nm. [i-/zi-]) ni uwanda mpana wa nyasi, wenye miti michache, ulioenea katikati ya Marekani na katika majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta nchini Kanada. Asili ya neno ni Kifaransa, kwa maana ya malisho. *Nyika* si kisawe chake kamili, kwani huleta taswira ya pori kavu la vichaka. *Mbuga* nayo siku hizi huwaelekeza wasomaji wengi kwenye hifadhi za wanyama.

Asili ya miji

Miji mingi ya prairi ilizaliwa na reli. Sheria za ardhi za Marekani (1862) na Kanada (1872) ziliwapa walowezi mashamba ya ekari 160, kwa sharti la kuishi humo na kulima. Kampuni za reli zikaweka stesheni kwa umbali ambao mkulima angeweza kufikisha nafaka yake kwa gari la farasi na kurejea kwake siku iyo hiyo. Kando ya stesheni palisimama ghala refu la nafaka, duka na posta. Aghalabu jina lilitangulia watu.

Njia za kutoa majina

1. *Kwa alfabeti.* Huko Nebraska, reli ya Burlington iliacha mfuatano wa Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton na Harvard. Huko Saskatchewan, kampuni ya Grand Trunk Pacific ilipanga Undora, Venn, Watrous, Xena, Young na Zelma, kisha ikaanza upya kwa Allan, Bradwell na Clavet. Watrous ni jina la kati la Frank Watrous Morse, mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo.

2. *Kwa heshima au faida.* Mji wa Edwinton, Dakota Kaskazini, uliitwa Bismarck mwaka 1873 kwa matumaini ya kuwavutia Wajerumani na mitaji yao.

3. *Kutoka lugha za wenyeji.* Saskatoon limetokana na neno la Kicree la tunda dogo la porini. Medicine Hat ni tafsiri ya neno la Kiblackfoot, *saamis*, yaani kilemba cha manyoya ya tai kilichovaliwa na mganga.

Jina juu ya jina

Ramani za kampuni za reli zaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ardhi hiyo haikuwa na majina. Sivyo. Mahali palipopewa jina la Regina mwaka 1882, yaani "malkia" kwa Kilatini, kwa heshima ya Malkia Victoria, Wacree walipaita kwa maneno yenye maana ya "mifupa iliporundikwa", kwa sababu ya marundo ya mifupa ya nyati wa Amerika. Kijito cha Wascana kipitacho mjini humo bado kimehifadhi sehemu ya jina hilo. Mfasiri anayeliruka jina la awali huifuta historia ya wenyewe bila kukusudia.

Matumizi

- Jina la mji halitafsiriwi. Maana yake hufafanuliwa mara ya kwanza linapotajwa. Andika *Medicine Hat*, si *Kofia ya Dawa*. Katika ufafanuzi, *mganga* hufaa kuliko *daktari*, kwani neno la Kiingereza hapa lagusa nguvu za kiroho, si tiba ya hospitali.
- Upatanisho hufuata nomino tangulizi: *mji wa Watrous ulijengwa*. Jina likisimama peke yake, hufuata ngeli ya [i-]: *Watrous ilijengwa*.
- Tofautisha *kutoka* na *kwa heshima ya*: *Saskatoon limetoka katika Kicree*, bali *Bismarck lilitolewa kwa heshima ya waziri mkuu wa Ujerumani*.

Mfano katika sentensi: Reli iliupa mji jina kabla mlowezi wa kwanza hajashusha mzigo wake.