Seva ikilala, pesa iko wapi?

Leo tuangalie jambo ambalo maduka ya spea huku Kariobangi Light Industries hulijua vizuri: mteja ana meseji ya M-Pesa mkononi, lakini kompyuta ya duka inasema hajalipa. Stima ilipotea, seva ikazima, na hifadhidata mbili hazisomi tena kitu kimoja.

Tatizo hili ni la tangu mwanzo. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 katikati ya Nairobi, Thika na Mathare, si mbali na hapa. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo ya Faulu Kenya kwa simu. M-Pesa ilikuwa na hesabu zake, Faulu zake, na kuzilinganisha kukawa kazi ngumu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo iliwekwa kando, watu wakawa wanatumiana pesa tu.

Hata hivyo viungo viliongezeka. 2010 ikaja M-Kesho na benki ya Equity, 2012 M-Shwari na CBA. Muda huo wote seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, hadi Aprili 2015 zilipohamishiwa Kenya.

Sasa, kurudisha kiungo chenyewe ni rahisi: washa seva, hakikisha anwani na nenosiri, basi. Kazi iko kwa miamala iliyokuwa njiani. Upande mmoja umeandika "imelipwa", wa pili haujui lolote. Mwaka 1978 Jim Gray alieleza njia ya awamu mbili: kila upande useme uko tayari, ndipo wote waandike. Lakini hakuna benki itakayofunga vitabu vyake ikingojea seva ya duka lako iamke.

Dawa ni ile nambari ya muamala iliyo mwanzoni mwa meseji. Haijirudii. Ajenti walikuwa wakiiandika daftarini kwa kalamu, na daftari halihitaji stima. Seva ikiamka, usilinganishe salio, uliza nambari moja moja: "Hii mnayo?" Kama ipo, iandike mara moja tu. Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia waprogramu 2017, una huduma ya kuuliza hali ya muamala kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hivyo, ukitengeneza mfumo wa malipo, tengeneza sehemu ya kuuliza kwanza. Bila hiyo, mwenye duka ataamini kompyuta, na mteja aliyelipa atarudi nyumbani mikono mitupu.